Betri Niliyoing'oa Kabla ya Kutoa Sadaka

Nakumbuka asubuhi moja nimepiga magoti kule Mokowe upande wa bara, spana mkononi, nang'oa betri ya gari ambalo mama yangu alikuwa ameshalitia nia kuwa sadaka. Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu jana ulinijia hapa Mkomani kisiwani ukaniuliza kama kuna ubaya ukijibakishia rimu na redio, kabla hujawapa watu wa nyumba ya mayatima lile gari la marehemu babako. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri miaka mingi. Nilichokosa ni uso wa kusema.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na baba alikuwa na wiki saba kaburini. Alituachia gari dogo la milango minne, kuukuu kuliko ndoa za watu wengi ninaowajua. Lilikaa chini ya banda la makuti upande wa bara, maana vichochoro vyetu havipitishi hata punda wawili wenye shehena. Ndiyo hali yetu watu wa mjini: gari liko ng'ambo ya maji, na mwenye gari anaweza kumaliza mwaka hajaliona. Mama alilipanda mara mbili maishani mwake. Nilizihesabu.

Wanunuzi walikuja. Mmoja alilizunguka, akalipiga teke tairi, akataja bei ambayo hata mbuzi angeona haya kuuzwa nayo. Mama alipoisikia alisema, "Hatuuzi. Wape Bi Zena na wenziwe."

Bi Zena alikuwa mkunga mstaafu. Yeye na kikundi chake cha akina mama walikuwa wakitafuta gari la kuwatoa wagonjwa mashambani huko bara hadi gatini, wavushwe kwa boti kuja hospitali.

"Iwe sadaka ya kumfuata babako," mama aliniambia. "Lakini uliangalie vyema, lisizimike likamwata mtu ndiani."

Nililiangalia vyema kweli. Niliona betri mpya, baba aliifungisha muda mfupi kabla ya kuugua. Niliona jeki nzima na tairi ya spea yenye meno yake yote. Nami nilikuwa na boti ya injini ya kupakia wageni, betri yake imechoka, kila asubuhi naibembeleza kama mtoto asiyetaka kwenda chuo cha Kurani. Nikajiambia: mtu aliyepewa bure hafungui boneti. Betri mpya ikaenda botini, ya boti ikaja garini. Ilikuwa nyembamba kidogo, nikaikazia kwa kipande cha champali ya mpira, ndara iliyokatika. Jeki na spea nikavipeleka nyumbani. Hata nati nilizihesabu mara mbili, nisije nikawaachia moja ya ziada.

Tulilikabidhi Ijumaa baada ya sala. Ikasomwa dua ndefu, baba akaombewa kwa jina lake. Mimi niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Lilifanya kazi siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, mke wa mkulima mmoja wa huko bara, Rukia, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Kombo, dereva wa kikundi, akaenda kumchukua. Alizima injini ili wanawake wamlaze kiti cha nyuma. Alipotia ufunguo tena, gari lilitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayetafuna kijiti cha meno. Wakasukuma. Mchanga ukawashinda. Mume akakimbia kwa miguu kutafuta trekta ya kulivuta, na ilipopatikana, adhuhuri ilikuwa imeshapita.

Bi Zena alinipigia simu nivuke nikawangoje gatini, boti yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilitia ufunguo, injini ikashika mara moja. Mwanangu, niliona raha. Nilijipongeza, wallahi, kwa betri ile.

Tulifika hospitali alasiri. Rukia alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Tulikuwa tumesimama nje ukutani. Bi Zena akaniona nimeinama, akadhani ni huzuni tupu.

"Usijitie makosani, Bwana Aboud," alisema. "Gari ni zee kama mimi. Nyinyi mlitoa mlichokuwa nacho. Mungu atawalipa."

Kombo alingoja mpaka Bi Zena aliporudi ndani, ndipo akanisogelea.

"Ile betri mpya niliyomfungia marehemu kwa mikono yangu, iko wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Ulimi wangu umeuza milango mibovu kwa watu wenye macho mazuri. Lakini nilisema, "Iko botini."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana wewe hukukwama."

Tulishuka gatini pamoja, nikaing'oa palepale, akaitia begani na kupanda boti ya abiria kurudi bara. Jeki na spea nilivipeleka kesho yake. Gari likafanya kazi miaka minne zaidi bila kumwacha mtu, na kila aliyenisifu kwa ajili yake alikuwa kama ananisomea hukumu. Mume wa Rukia alinishika mkono wa tanzia kwa mikono miwili, akanishukuru. Mimi sikumwambia. Mama naye, hadi anafariki, alikuwa akiniuliza, "Gari la babako bado lapakia watu?" Nami nikijibu, "Lapakia, mama." Akishukuru Mungu. Hakujua, na leo wa kumwomba radhi hayuko.

Basi sikiliza, mwanangu. Bei ikate sokoni, hapo nitakusaidia na tutacheka pamoja. Lakini ukishatia nia ya sadaka, kile kitu si chako tena, pamoja na rimu zake, redio yake na kila nati. Ukichomoa kimoja, unamwibia asiyejua kuwa ana mali. Kabla ya kuwapa funguo, nenda bara, liwashe, lizime, liwashe tena. Ukiona tairi imekwisha, nunua nyingine. Kisha jiulize kama ungempakia mkeo ndani yake akiwa na uchungu. Ukisita, bado hujatoa. Na ukiwa umeshachomoa kitu, kirudishe leo, usingoje kuulizwa na Kombo wako.

Mwenyezi Mungu amrehemu babako, amwangazie kaburi lake, akupe mkono wa kutoa usiorudi nyuma, na akuepushe na shukrani usiyoistahili. Amin.