Fungu la Kumi la Wilma Caudill

Doyle Stidham alikuwa fundi wa mabasi ya shule kwa miaka thelathini na miwili, na kwa miaka ishirini na tisa kati ya hiyo alifundisha darasa la watu wazima kila Jumapili katika kanisa dogo la Kibaptisti lililo kando ya kijito, milimani Kentucky. Hakuwa msomi. Alisoma Maandiko kama alivyosoma injini: polepole, akirudia pale asipoelewa, kidole kikifuata mstari.

Vuli ile paa la kanisa lilianza kuvuja, na mchungaji Rodney Fugate akamwomba afundishe juu ya zaka kwa Jumapili tatu mfululizo. Doyle akakubali. Somo lenyewe alilijua kwa moyo: fungu la kumi ni la Bwana, asiyelitoa anamwibia Mungu. Alikwisha kulifundisha mara nyingi. Ila safari hii, kwa kuwa alikuwa amestaafu na siku zilikuwa ndefu, aliamua kuanzia mbali, kwenye Torati yenyewe.

Huko ndiko alikokwama. Alikuta kwamba zaka ya watu wale ilikuwa nafaka, divai na wanyama, na kwamba mwenye kutoa aliketi akaila pamoja na nyumba yake mbele za Mungu. Kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini, ili mgeni, yatima na mjane wale washibe. Akafungua nyaraka za mitume, akatafuta mahali Wakristo walipoagizwa kutoa moja ya kumi. Akakuta tu kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa. Alitafuta wiki nzima.

Lakini si hoja iliyomkosesha usingizi. Ni lile neno mjane.

Wilma Caudill alikuwa na miaka ishirini na minane mumewe, Dale, alipofia mgodini, miaka mingi iliyopita. Majira ya baridi yale alimngoja Doyle mlangoni baada ya darasa, akamuuliza kama hundi ya fidia nayo hukatwa zaka. Doyle, kijana mwenye hakika ya kila kitu, alimjibu palepale: toa kwanza, Mungu atajazia. Wilma akatoa. Kabla ya Machi alimpeleka mwanawe wa kwanza Ohio kwa mama mkwe, kwa kuwa hakuweza kuwalisha watoto wote wawili. Mtoto alikaa kule miaka minne. Doyle aliyajua hayo, kama kila mtu pale bondeni alivyoyajua, na hakuwahi kuyaunganisha na jibu lake.

Alhamisi akaenda kwake. Wilma alikuwa kibarazani akikatakata maharage mabichi na kuyatupia ndani ya beseni. Akamwonyesha kiti kwa kisu.

"Wilma," Doyle akaanza, "kuna jambo nilikwambia zamani, nami sikulijua vizuri."

"Lipi hilo? Umeniambia mengi, Ndugu Doyle. Uliniambia gari langu halitafika Krismasi, nikaliendesha miaka sita."

Doyle hakucheka. Akamweleza yote, Torati na mitume, na ile hundi, na mtoto. Akasema alikuwa amemtwisha mjane mzigo ambao Mungu hakuutwisha, tena kwa jina la Mungu. Akasema yuko tayari kumlipa.

Wilma akaendelea kukata maharage. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwaka ule kampuni ndiyo iliyosema Dale atatolewa lini chini ya ardhi. Serikali ikasema nitakula kiasi gani. Mama mkwe akasema mwanangu atalala wapi. Ile bahasha ya sadaka ya Jumapili ndiyo kitu pekee nilichokiamua mimi. Sasa unakuja hapa kuniambia sikuamua mimi, uliamua wewe?"

"Nilikulazimisha, Wilma."

"Wewe? Usijipe ukubwa, Doyle."

Akaweka kisu chini.

"Lakini kuna kitu nakulaumu, kwa kuwa umeanza. Nilikuuliza swali nikiwa na watoto wawili wasio na makoti. Ulikuwa unatuona. Ungeweza kuniuliza tuna nini nyumbani. Ulinipa mstari wa Maandiko, ukaenda kula chakula chako cha mchana. Hilo huwezi kulilipa, kwa hiyo usijaribu."

Doyle akasimama. Akashukuru, akaondoka.

Jumapili alisimama mbele ya darasa akasema hawezi kufundisha kwamba asiyetoa fungu la kumi ni mwizi, kwa sababu hakuliona hilo likiagizwa kwa Wakristo. Watu watoe kwa hiari, alisema, na waanze na aliye karibu. Wilma alikuwa ameketi safu ya pili, na sahani ya sadaka ilipopita alitia bahasha yake kama kawaida.

Mchungaji Rodney alimfuata nje. Hakuwa mtu mwenye tamaa. Siku za kazi aliendesha lori la mikate, na kanisa lilimlipa kidogo sana.

"Huenda uko sahihi, Ndugu Doyle," alimwambia. "Lakini nawajua watu wetu. Ukiwaambia watoe wapendavyo, watapenda kidogo."

Darasa likapewa mtu mwingine. Na mchungaji hakukosea. Kufikia Februari sadaka zilikuwa zimepungua, na chakula cha bure kilichokuwa kikigawiwa kila Jumatano katika chumba cha chini cha kanisa kikawa cha mara moja kwa mwezi. Waliokuja kukichukua walikuwa wajane wengi na watoto. Doyle alinunua magunia ya viazi kwa pensheni yake akayapeleka, lakini hayakutosha, na hapana aliyemlaumu usoni.

Kilichomtesa zaidi hakukitazamia. Zamani alikuwa akikata fungu lake la kumi, akafunga bahasha, na moyo ukatulia hadi wiki ijayo. Hiari haikuwa na mahali pa kuishia. Kila alichobakiza sasa, hata kikombe cha kahawa mjini, kilimuuliza kwa nini kimebaki. Jumapili nyingine alitoa mpaka akakosa pesa ya petroli; nyingine hakutoa chochote, akaona haya. Sasa hufika kanisani mapema, na huketi ndani ya pikapu yake pale uwanjani, bahasha tupu gotini na kalamu mkononi, asijue aandike kiasi gani, mpaka asikie wenzake wameanza kuimba.