Skrini Iliyojaa Pomoni

Mwenye ukumbi wa sinema pale Ukunda alikuwa mjinga, tena mjinga mwenye rimoti. Mlangoni alibandika karatasi iliyoandikwa 4K kwa wino mwekundu, na ukimwuliza hiyo K ni kitu gani, anakuambia ni ubora. Projekta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na hoteli moja ya Diani. Ukikaa mbele, uso wa mtu unauona umekatikakatika miraba kama vigae vya msalani.

Mimi nimeonyesha picha mahotelini miaka mingi. Picha pana ukiiweka kwenye skrini fupi, lazima ubaki weusi juu na chini, ndipo uione yote. Wateja wake, Mungu awasamehe, wakiuona weusi ule hupiga kelele kwamba wamepunjwa. Basi yeye akawa anaikuza kila filamu mpaka ijae pomoni, na cha pembeni kikatike kiende zake. Nilimcheka mwaka mzima, wala sikumweleza. Niliona raha kuwa mjuzi peke yangu.

Kisha ikaletwa filamu fupi ya wanawake wanaolima mwani kule Shimoni, na mama yangu ni mmoja wao. Hakuwa amewahi kuingia sinema. Siku hiyo, baada ya alasiri, alijifunga leso mpya, akatia wanja, akaja na majirani watatu aliowaahidi kwamba watamwona.

Kwenye mwani, aliye mkubwa ndiye hushika mwanzo wa kamba kwenye kigingi, na wengine hujipanga kumfuata wakifunga miche. Kwa hiyo mama, aliyewazidi wote umri, alipigwa picha akiwa pembeni kabisa, upande wa kushoto.

Safu ikatokea. Wenzake wanacheka, maji magotini, na kamba imekazwa vizuri kuelekea kushoto, mpaka ukingoni mwa skrini. Wa kuishika hayupo.

"Mwanangu, mbona mimi sijioni?" mama akaninong'oneza.

Nikakimbilia nyuma kwa mwenye ukumbi. "Irudishe, uipunguze! Umemkata mamangu!"

"Bro, relax, hii ni full screen. Watu hawataki ile black."

Rimoti hakunipa, na safu ilikuwa imeshapita. Nilimtazama nikaona sina hata tusi la kumtosha, wala la kunitosha mimi.

Tulipotoka, mama alimshukuru yule bwana kwa ukarimu wake. Njia nzima nilimweleza habari za upana na urefu, kwamba yumo, amekatwa tu. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekupa pole.

Jirani mmoja alipouliza kulikoni, mama alinitangulia kujibu, huku akijifuta wanja kwa ncha ya leso.

"Wamewatia wenye sura nzuri," alisema. "Na wamefanya vyema."