Dakika Kumi na Moja za Breki

Mashabiki walimwita Breki, na kwa miaka kumi na minne jina hilo lilimkaa sawasawa kama soksi. Alicheza kiungo wa chini, jezi namba sita, kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Mshambuliaji akija mbio alimkuta Breki amesimama palepale alipokusudia kupita, ametulia kama mtu anayesubiri kutengenezewa simu. Hakuwa na mbio, hakuwa na chenga. Katika maisha yake yote ya soka alifunga mabao matatu, moja kwa niaba ya wapinzani. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utakwenda wapi kabla mwenye mpira hajakata shauri.

Goti la kulia lilipogoma alikuwa na miaka thelathini na saba. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia, "Hili ni goti la mzee wa sabini." Breki akaikodolea macho, akauliza mzee huyo anacheza nafasi gani.

Akaenda kusomea ukocha. Mkufunzi alipowaambia wachore mpango wa mchezo, yeye alichora mishale mingi mizuri, yote ikielekea kwa namba sita. Alifaulu mara ya pili. Klabu yake ya zamani ikampa kazi ya kocha msaidizi, na kocha mkuu alipotimuliwa, jambo ambalo pale hutokea kama majira ya mwaka, akabaki yeye na filimbi.

Alikuwa kocha mzuri wa namna yake: mwili pembeni mwa uwanja, mwenyewe kule ndani. Hata nje ya kazi ilikuwa hivyohivyo. Kwenye foleni ya benki aliwahi kusogea hatua mbili kushoto ili kuziba pengo kati ya watu asiowajua. Nyumbani, vikombe havikubaki pale mkewe alipoviweka.

"Baba watoto, sukari nayo inacheza?"

"Imepanda mno," alijibu, akairudisha nyuma, karibu na birika.

Namba sita wa timu sasa alikuwa mdogo wake mkewe, yaani shemeji yake: kijana mwenye mapafu ya kukopesha watu, na mdomo. Watu walisema amepewa namba kwa undugu. Walikosea. Breki asingeweza kuona jezi ile ikitoka nje ya familia.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Hesabu ilikuwa nyepesi: wakipata sare wanabaki ligi kuu, wakifungwa wanashuka, na mwenye klabu alishasema kwamba wakishuka anaivunja timu, kila mtu ashike njia yake.

Chumba cha kuvalia kilinuka dawa ya kuchua na raba. Njumu ziligonga sakafu ya saruji, mtu akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Kupitia dirisha la juu, sauti ya watu iliingia kwa mbali, kama maji yanayochemka jikoni kwa jirani. Breki aliketi na fomu ya wachezaji magotini. Akaandika kipa. Akaandika mabeki wanne. Mwanga ulianguka kwenye karatasi, mkono ukaenda wenyewe, na kwenye namba sita ukaandika jina ulilolijua kuliko yote. Akatia sahihi. Katibu wa klabu, mama mmoja mwenye shughuli nyingi, akagonga muhuri bila kusoma, kwa sababu katibu anayesoma kila kitu hamalizi kazi.

Aliyesoma ni kamisaa wa mchezo, mwalimu mkuu mstaafu.

"Namba sita ni wewe."

"Haiwezekani, mzee."

"Mwandiko wako. Sahihi yako."

"Basi nifute."

"Imeshagongwa muhuri. Kanuni za ligi hii zinasema aliyeandikwa ndiye anayeanza."

"Mimi nimestaafu miaka minne!"

Katibu akakohoa. Ikabainika kwamba kila msimu alikuwa ananakili orodha ya usajili ya msimu uliopita, majina yote, ili asimsahau mtu. Leseni ya Breki ilikuwa hai na salama, yenye picha ya enzi zile alipokuwa na nywele.

"Mchezaji halali kabisa," kamisaa alisema, kwa furaha ya mtu aliyeona karatasi mbili zikikubaliana. "Huyu mwingine nitamruhusu akae akiba. Mpira ukitoka nje, mbadilishane."

Shemeji mtu akavua sita, akavaa kumi na sita.

"Kwa hiyo mwalimu unaniweka benchi kwa ajili yako mwenyewe?"

"Dakika moja tu, shemeji."

"Dada nitamwambia."

Jezi ilikuwa na joto bado, ikambana tumboni. Breki akatoka nayo kwenye jua, na kelele zote zikamwondokea. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko alivyozikumbuka, au yeye ndiye alikuwa mfupi. Mpira ukaja, ukamkuta ameshafika. Akaugusa mara moja tu, akaupeleka mita thelathini kwa winga wa kushoto, na pasi ile iliondoka mguuni kama barua iliyokuwa imeandikwa siku nyingi, inangoja mtu wa kuipeleka posta. Mpira ukatoka nje. Shemeji akasimama mstarini. Breki akatazama mawingu, akapunga mkono.

"Kocha anasema bado," alisema mwamuzi wa akiba.

"Kocha ndiye anayetakiwa kutoka!"

"Hayo ni mambo yenu ya nyumbani."

Mpira ukatoka tena, na tena. Bado. Alikuwa anatembea ndani ya kitu alichokuwa akikitazama kwa miaka minne kwenye vikombe vya chai, na hakuna mwenye akili timamu anayetoka mahali kama hapo kwa hiari.

Dakika ya tisa winga wa wapinzani alimjia. Breki alijua atapita kushoto. Alijua hata atakanyaga wapi. Akalipa goti taarifa, goti likaipokea kwa kuchelewa. Moja bila.

"Breki zimekatika!" mtu akapiga kelele jukwaani, na uwanja mzima ukacheka, hata baadhi ya wachezaji wake.

Dakika ya kumi na moja akainua mkono, akajitoa. Safari ya kufika mstarini ilikuwa ndefu. Shemeji akampita bila kumgusa kiganja.

Akakaa benchi, barafu gotini, na kwa kuwa sasa hakuwa na mguu wa kutuma, akabaki na macho tu. Kipindi cha pili kikaenda hadi nusu. Ndipo akaona beki wa kulia wa wapinzani anapanda na kuacha nyuma yake uwazi kama sebule iliyohamwa. Miaka yote alitazama mchezo kutokea namba sita, na kutokea kule uwazi ule hauonekani.

"Shemeji aende kushoto," akamwambia msaidizi.

"Na namba sita nani, mwalimu?"

Breki akaitazama jezi iliyombana tumboni.

"Hakuna. Pabaki wazi."

Msaidizi akamtazama kama mtu aliyeagizwa auze nyumba. Kisha akapeleka ujumbe.

Dakika ya sabini na nane shemeji akaingia sebuleni kwa watu, akapiga krosi, mpira ukamgonga beki pajani, ukaviringika wavuni kwa aibu. Bao baya kabisa. Moja moja. Dakika zilizobaki wapinzani walipita katikati, pale palipokuwa wazi, mara nne, na mara nne kipa akalala chini kuokoa, kila mara akimlaani kwa sauti aliyetoa wazo lile. Filimbi ikalia. Walibaki ligi kuu.

Mashabiki waliovamia uwanja walipokwisha kutawanyika, shemeji alikuja kuketi kwenye benchi, akavuta chupa ya maji.

"Leo usije mezani kutusimulia ulivyocheza."

"Nilicheza dakika kumi na moja."

"Nilizihesabu moja moja, nimesimama pale kama mlingoti."

Breki akageuza barafu upande wa pili wa goti.

"Ile pasi ya kwanza, shemeji..."

Shemeji alikunywa maji hadi chupa ikaisha, akafuta mdomo kwa jezi.

"Pasi ilikuwa nzuri," akasema. "Sasa nipe mkono uinuke, wanataka kufunga geti."