Nguzo Iliyokombwa Ndani

Karakana nzima ilimwita Penseli, kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila penseli sikioni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Kazi yake yote ilikuwa kwenye kompyuta: kuchora vifaa vya chuma, ambavyo wenzake wa chini walivitengeneza kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu. Mwenyewe alisema penseli ni ya kukunia kichwa.

Mdogo wake alikuwa makanika kwenye gereji ya mtaa wa pili. Huyo naye walimwita Mjusi, maana kutwa yuko chali chini ya magari, ukimtafuta unaona miguu tu. Mama yao alijaliwa hao wawili, basi. Penseli ndiye aliyembeba Mjusi mgongoni, mama alipokuwa kazini, na mpaka sasa alimgombeza kama mtoto: umekula? Na hivyo viatu, kamba ziko wapi?

"Dada, mimi nina ndevu," Mjusi alikuwa akimjibu.

"Ndevu zenyewe mpaka uwashe taa!"

Basi, bosi wa Penseli akataka stendi za gereji, zile zinazowekwa chini ya gari likishainuliwa kwa jeki, ili fundi aingie chini yake bila wasiwasi. Penseli akachora. Kitako chenye uwazi ndani, na juu yake nguzo nene iliyojaa chuma, maana gari lote linakaa juu ya hiyo nguzo.

Sasa, ile programu ya kuchorea haisahau kitu. Kila unachofanya inakiweka kama hatua, na hatua zote zimepangwa kushoto mwa skrini, ya kwanza juu, ya mwisho chini. Ukibadilisha chochote, inajenga kifaa upya kuanzia juu kwa mpangilio huohuo. Unaweza hata kuishika hatua ukaiburuta juu au chini. Lakini angalia unachofanya, maana hatua ya kukomba ndani, yaani kutoa chuma cha ndani kikabaki gamba, hukomba kila kilichochorwa kabla yake. Kinachokuja baada yake hakiguswi.

Penseli alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Alikuwa amekomba kitako kwanza, ndipo akasimamisha nguzo. Safi kabisa. Mwishoni, alipoviringisha kona za kitako, ukuta ukawa mwembamba mno pembeni, na alama nyekundu ikawaka. Dawa yake kila mchoraji anaijua: kona ziviringishwe kwanza, kukomba kufuate. Angeweza kuipandisha hatua ya kona. Yeye akaishusha ya kukomba, akaiburuta mpaka chini kabisa, na njiani ikaipita nguzo. Alama nyekundu ikazimika. Penseli akashusha pumzi, akaenda zake kunywa chai. Nyuma yake programu ilikuwa imeikomba nguzo pia, imebaki gamba, na kwa nje sura ni ileile.

Stendi ya kwanza ilipotoka, bosi aliinyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu wote.

"Penseli! Hii ndiyo kazi! Tazameni ilivyo nyepesi!"

Wakampigia makofi. Na hapo, jamani, ndipo panapouma. Uzito hauendi matembezi ukarudi jioni. Ulikuwa umetoka mahali, na mtu wa kuuliza umetoka wapi alikuwa yeye. Hakuuliza. Sifa zilimkaa vizuri, akacheka, akachomeka penseli yake sikioni.

Mjusi akazipeleka stendi hizo gerejini kwake. Zile nzito za zamani akazisukumia ukutani, na kila mteja akaambiwa, atake asitake, "Hizi kachora dada yangu."

Asubuhi moja akaja mteja anayetaka stendi kubwa zaidi. Penseli akafungua mchoro wake, akaukata katikati kwenye skrini ili apime unene. Nguzo ilikuwa tupu. Alidhani macho yanamdanganya. Akatazama kushoto, kwenye mpangilio wa hatua, akaiona ile ya kukomba imetulia huko chini ya nguzo. Akampigia Mjusi, simu ikaita mpaka ikakatika. Mjusi asipopokea simu, basi yuko chini ya gari. Penseli akatoka mbio, viatu vyake vya ofisini vikigonga lami, huku akisema kwa sauti, "Toka, mdogo wangu, toka, toka."

Gerejini alikuta watu wamejaa. Gari lililomwangukia Mjusi lilikuwa limeshanyanyuliwa tena, na stendi iko sakafuni, nguzo imepasuka, ndani hamna kitu. Mjusi walikuwa wamemkimbiza hospitali.

"Aliiweka vibaya," fundi mkuu wa gereji alisema akitikisa kichwa. "Hata mwenyewe kasema hivyo wakati tunamtoa."

Nyuma yake makanika mwingine alikuwa amelala chini ya gari la pili, lililokaa juu ya stendi zilezile. Penseli alipiga kelele mpaka mtu yule akatoka akitambaa, na hakunyamaza mpaka stendi zote zilipoondolewa. Wakamwachia afanye atakavyo. Ni dada yake, walisema, ana uchungu.

Penseli akiwa njiani kwenda hospitali, bosi alimpigia, naye akamweleza yote kuhusu nguzo. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Stendi tutazikusanya zote taratibu. Wewe funga mdomo. Kijana si amekiri mwenyewe?"

Kesho yake daktari alimwambia Penseli kwenye korido kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini Mjusi hatahisi kitu tena. Mama alikuwa kwenye benchi, amejifunika uso kwa khanga. Penseli akaingia peke yake.

"Dada, usiogope," Mjusi alisema kabla hata hajakaa. "Nimewaambia wote stendi haina kosa. Nimewaza na kuwaza, sioni nilikosea wapi kuiweka, lakini lazima ni mimi. Sitaki mtu akuchafulie jina."

Penseli alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Hukukosea," alisema. "Nguzo ilikuwa tupu ndani. Mimi ndiye niliyeikomba. Nilihamisha hatua moja kwenye mchoro, sikuangalia."

Mjusi alimtazama. Halafu uso wake ukachangamka, ukachangamka kweli.

"Kwa hiyo niliiweka sawa?"

"Uliiweka sawa."

"Si nilijua! Miaka yote hii, mimi nikaweke stendi vibaya?" Akaitabasamia dari kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Akashusha macho mpaka pale shuka lilipoinuliwa na vidole vya miguu yake. Shuka lilikuwa limejikunja, na Penseli, kwa mazoea, akanyoosha mkono alitengeneze.

"Acha," Mjusi alisema. "Niitie mama."