Majivu Niliyomwagia Ua la Mamamkwe

Nimekosa, ndugu zangu. Nasema mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Kasenga hawajanisemea. Nilimfukuza mama aliyenizalia mume kwa sababu ya ua, na ua lenyewe nililiharibu kwa mikono yangu hii!

Mama yangu mzazi alifariki zamani. Mamamkwe ndiye aliyebaki kuniita mtoto. Anakaa Lemera, kule milimani kwenye baridi. Nilipoolewa aliteremka na ua la azale kichwani, ndani ya sufuria kuukuu lililokatika mkono mmoja, na udongo mweusi wa msituni. Ni ua lisilopukutisha majani, kiangazi wala masika. Likichanua, huoni jani kwa wekundu.

Aliniambia, "Mutoto yangu, ii ni maua ya mulima. Uiweke mu kivuli, uipe maji ya mvula. Na majivu, hapana hata kidogo! Itakufa."

Nikatii. Miaka ikapita, ua likafika kiunoni. Maharusi wa mtaa wakawa wanakuja kwangu kupigwa picha kando yake. Uvira hii ya joto, nani mwingine alikuwa na azale? Nilijivuna, sifichi.

Nilikuwa na rafiki. Simtaji, lakini ajijue. Tulichota maji pamoja, tukasukana nywele, siri zangu zote alikuwa nazo. Kazi yake ni kupamba kumbi za harusi. Siku moja alinikuta nakinga maji ya mvua, akacheka.

"Weye, unadanganywa! Mboga ya lengalenga tunaitiaka nini mu shamba? Majivu. Maharagi? Majivu. Ule mama mukwe iko nakuficha, ili mutoto yake aone hauwezi kitu."

Na mimi mjinga nikaona ni kweli! Kwetu Luvungi nilikozaliwa, majivu ndiyo mbolea ya kila kitu. Kila asubuhi nikawa nazoa ya mbabula, jiko letu la makaa, baada ya kupika chai, namwaga shinani.

Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Rafiki akatikisa kichwa. "Nilikuambia. Amekuloga mupaka mu maua."

Wiki ileile mamamkwe akaja kututembelea na mfuko wa maharage. Alichutama kwenye ua, akagusa majivu, akaniangalia. Kabla hajafungua mdomo nikamfokea mbele ya majirani. Mchawi! Mwenye wivu! Toka kwangu! Mume wangu alikuwa safarini, hakuwepo wa kunizuia. Mama alijifunga kitenge chake, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi.

Rafiki alinifuta machozi. Akasema ua limelogwa, nisiliguse tena, atanitupia yeye. Nilimshukuru! Jamani, nilimshukuru!

Masika yaliyofuata niliingia kwake bila kubisha hodi, kama kawaida yetu. Uani bibi harusi alikuwa anapigwa picha. Nyuma yake azale, nyekundu, imejaa. Ndani ya sufuria lililokatika mkono mmoja! Hata chombo hakubadilisha. Udongo ulikuwa mweusi, majivu hakuna hata chembe, na pembeni ndoo ya maji ya mvua.

Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza! Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila aibu:

"Minye nilisema maneno tu. Mukono ya kumwaga ilikuwa yako."

Neno hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe, maana lilikuwa kweli.

Nikapanda Lemera kuomba msamaha. Nilipiga magoti mlangoni. Mamamkwe aliniinua, akanipa kiti, akanipikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe. Azale zake zilikuwa zimechanua ukuta mzima. Nikawa nangoja tu aniite kama zamani.

Aliponisindikiza njiani alinishika mkono. "Basi, mugeni, ufike muzuri."

Mgeni! Nililia kuteremka mlima wote mpaka Luvungi.

Ninyi mnaoolewa, kikulacho ki nguoni mwako. Anayekugombanisha na mama aliyekupa ua, mwangalie kwanza anataka kupanda nini uani kwake. Mimi sikuangalia. Sasa ua naweza kuomba lingine hata kesho, lakini neno "mutoto yangu" sijui nitaliomba kwa nani.