Mti Uliochunwa Gome

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani kulinda msitu ni kuacha shoka tu. Sisi hapa Nyakitonto tulikubaliana na kijiji pamoja na watu wa misitu wa kutoka Kasulu: ardhi ibaki yetu, lakini miti inayozunguka chemchemi isikatwe, wala pasilimwe, hata nikifa. Kila mwisho wa kiangazi walikuja kukagua. Tungevunja ahadi, kijiji kingeichukua sehemu ile.

Mwaka 2013, asubuhi ya ukaguzi, nilitangulia kwenda chemchemini kutazama. Nikakuta myombo mkubwa umechunwa gome kuzunguka shina lote, uko uchi, unatoka utomvu. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mwanangu anafunga mzinga wa nyuki wa gome lile lile.

"Umeua mti wewe!"

"Mama, sijakata. Si umesimama?"

"Na wewe nikikuchuna ngozi, utasimama?"

Mkewe alicheka, akajiziba mdomo.

Mara tukasikia pikipiki ya mkaguzi inapanda kilima. Mwanangu akabadilika sura. "Tuseme ni radi, mama."

Radi, na mbingu haina hata wingu! Niliwaza chemchemi ikiwa mikononi mwa wengine, wajukuu wanaomba ruhusa ya kuchota maji ya babu yao. Hata hivyo nikawaambia, "Huo mzinga uleteni hapa uani, msiufunike. Na mtu wa nyumba hii asitaje radi."