Madoa ya Maharagwe ya Mama

Hadi leo nikikata maganda mabichi ya maharagwe, ile harufu ya ukijani ikinibaki kwenye kucha, moyo wangu hurudi Rubondo, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka ya themanini. Nawaambieni kweli, sijapata manukato ya kuishinda.

Mama alikuwa amekuja na mbegu zake kutoka Kongo, za maharagwe yanayopanda miti, maragi kwa Kiswahili chake, amezifunga kwenye pindo la kitenge. Majirani walizicheka fito alizozisimika nyuma ya nyumba. Maharagwe yakastawi, ila upepo wa kule haukuwa na mapumziko, na maganda yakajaa mabaka ya kahawia.

Tulipoyapeleka sokoni, mjini Mbarara, Hajati mmoja muuza mboga alichukua ganda, akaligeuzageuza, akalirudisha kikapuni.

"Mama, hii iko chafu."

Sasa, mama yangu alikuwa mtu wa kufagia hata njia ya jirani. Neno lile lilimchoma. Akafunika kikapu, tukarudi nacho nyumbani, ingawa wanunuzi wengine walikuwapo.

Siku ya soko iliyofuata alivaa kitenge cha kanisani, akabeba beseni, sabuni na kikapu cha maganda mapya, yenye mabaka yaleyale. Alinawa mbele ya Hajati, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Watu wakasogea kutazama. Kisha akamnyooshea mikono.

"Mama Hajati, nusa. Miye si muchafu."

Hajati akaitazama ile mikono. "Mimi hapana sema wewe chafu. Nasema hii madoadoa."

"Ile ni upepo, inasugulisha maragi ku miti. Kamata, vunja."

Hajati akavunja, maji yakamrukia shavuni. Akatafuna kipande kibichi, akacheka hadi akafuta machozi, akachukua kikapu kizima. Mama naye akacheka. Mimi nilitembea soko lile kama mtoto wa chifu.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Viswahili viwili kugongana. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomuuliza Mama kama kweli hakumwelewa yule Hajati. Aliendelea kuchambua mboga zake.

"Nilisikia muzuri toka siku ya kwanza, alikuwa anasema maragi," akanijibu. "Lakini aliposema 'chafu', wewe uliangalia nguo yako. Nilinawa sababu ya wewe."